Gari mmemuuzia, kadi mmebaki nayo: barua ya wazi kwa mabosi wa malori wa Bunia

Kwa mabosi wenye malori mjini Bunia. Nakala kwa viongozi wa ACCO, chama cha madereva, na FEC, shirikisho la wafanyabiashara, hapa Ituri.

Mabosi wangu,

Wengi wenu ni wateja wangu. Mmenunua kwangu matairi, filta, oili na viatu vya breki, mkalipa, na mlipochelewa kulipa tulielewana. Kwa hiyo mtanivumilia nikisema hadharani jambo ambalo baadhi yenu nimeshawaambia hapa kaunta. Desturi yenu ya kumuuzia dereva lori lililochoka, alipe kidogo kidogo kila mwezi, na kadi ya gari ibaki kabatini mwenu mpaka dola ya mwisho, inawafilisi watu wazuri. Mimi nayaona hayo mapema kuliko ninyi. Dereva akianza kuzama, bosi ndiye wa mwisho kukosa malipo. Wa kwanza ni muuza tairi.

Siwasemi mabosi wanaomwajiri dereva kwa mshahara na posho ya safari. Huko kuna manung'uniko yake na yana wasemaji wake. Nawasema ninyi mnaomwita dereva wa miaka mingi jioni moja, mkamkalisha, mkamwagizia kinywaji, mkamwambia: "Umenitumikia vizuri. Chukua Fuso hii, nilipe polepole, iwe yako."

Mtu aliyeshika usukani wa mwenzake tangu ujana atayakataaje maneno hayo? Dar es Salaam vijana wa bodaboda wanaujua mpango huo na wanauita mkataba: unapeleka hesabu kila siku, ukimaliza, pikipiki ni yako. Vijana wa pikipiki wa hapa kwetu nao wanaujua. Lakini pikipiki ina matairi mawili, na kifaa chake ukikikosa leo utakipata sokoni kesho. Lori lenye diferensho mbili nyuma lina matairi 10. Semi ina 22. Ukihamishia hesabu za pikipiki kwenye lori, umemchimbia mtu shimo.

Tuweke namba mezani. Ni namba za mfano tu, kila mmoja wenu azibadilishe kwa za gari lake. Lori lililokwisha kufanya kazi miaka kadhaa mmeliuza dola 24,000, dereva alipe 1,000 kwa mwezi, miaka miwili. Dereva anapiga hesabu kichwani. Bei ya kuleta mzigo kutoka Mahagi mpaka Bunia anaijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwaletea hizo fedha. Anatoa mazutu, yaani dizeli, anatoa chakula cha njiani, anatoa cha konvoyeri, msaidizi wake wa safari, na bado anaona faida inamchekea. Asichokuwa anakiona ni fedha zilizotoka mfukoni mwenu yeye akiwa amelala nyumbani kwake: siku mlipokuja kwangu kuchukua matairi, siku mlipompigia mtu wa Kampala atume klachi kutoka soko la Kisekka, siku mlipolipa ushuru wa mwaka wa barabara, ukaguzi wa gari, bima na kibali cha kusafirisha mizigo. Kwa miaka yote ile mlimwonyesha mapato tu. Sasa mmemkabidhi matumizi kwa siku moja, bila daftari.

Tairi zuri la lori tuliweke dola 300. Kumi ni 3,000, yaani miezi mitatu ya malipo yenu, nje ya mazutu. Na kwa barabara zetu tairi halifi kwa kuisha. Linachanwa ubavuni na jiwe wakati meno yake yangali mazima, na ubavu uliochanika haushoneki ukabeba tani tena, mtu asiwadanganye.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Lori likishauzwa kwa dereva, mara nyingi linaletwa kwangu kwanza, na mwenyewe anasema kwa furaha kwamba bosi amemwachia na matairi mazuri. Napiga magoti, napitisha kidole kwenye mfereji. Tairi lililotoka kiwandani lina mifereji ya kina kimoja, na chini kabisa ya mfereji kuna vinundu vidogo vya mpira vinavyoonyesha mwisho wa tairi: meno yakishuka mpaka hapo, litoe. Tairi lililochongwa kwa kisu cha moto halina vinundu, vimeondoka pamoja na kisu. Kingo za mfereji zinapinda huku na huku, na mahali pengine kisu kimezama mpaka waya umetokeza, una kutu. Ukilitazama ukiwa umesimama, jipya. Kuna matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuchongwa mara ya pili, na kiwanda huandika ubavuni REGROOVABLE. Hayo sina neno nayo. Lakini nimekuta lori lililotolewa kama zawadi ya utumishi mwema likiwa na matairi sita yaliyochongwa, na hakuna hata moja lenye maandishi hayo. Dereva alinitazama usoni kusubiri niseme nini. Mteremko wa kwanza na mzigo wa kwanza ungemwambia.

Jambo lingine la kaunta ni noti. Dereva huyu mapato yake anayaokota njiani: shilingi za Uganda kutoka upande wa Mahagi, franka kutoka kwa mama anayepakia magunia matatu ya maharage, dola kutoka kwa mwenye duka. Mwisho wa mwezi mnataka dola, tena dola safi. Sote tunajua dola inavyoteswa Bunia. Ikiwa na mpasuko wa upana wa ukucha inarudishwa, ikiwa ya toleo la zamani inakunjiwa uso. Basi anazunguka kwa wabadilisha fedha, anakatwa kwenye shilingi, anakatwa kwenye franka, anakatwa tena kwenye noti iliyochanika, na kufika kwenu ameshatumia zaidi ya 1,000 ili awape 1,000. Madukani kwenu mnapokea franka kutoka kwa kila mtu. Kwa nini dereva wenu tu ndiye alipe kwa noti ambayo barabara haikumpa?

Sasa usukani. Malori yetu mengi yamepitia Kampala au Mombasa, kwa hiyo usukani wake uko kulia. Wenzetu wa Uganda wanaendesha upande wa kushoto, sisi Kongo upande wa kulia. Maana yake dereva wetu ameketi upande wa mtaro. Mtaro anauona vizuri sana, lakini gari linalokuja mbele halioni mpaka atokeze nusu ya lori katikati ya njia. Anayeona ni konvoyeri, kule kushoto. Anatoa kichwa dirishani, anachungulia vumbi la gari la mbele, anapiga bati la mlango na kuita "Ingia!" Asipoita, dereva anabaki nyuma. Mlipokuwa mnalipa ninyi, gari lilikuwa na konvoyeri wawili, watu wazima wanaojua kufunga turubai na kuweka jiwe nyuma ya tairi mlimani. Dereva akishakuwa "mwenye gari", cha kwanza kupunguzwa ni konvoyeri mmoja. Mwezi ukibana, wa pili naye anaondoka, nafasi yake anakaa mpwa aliye likizo, ambaye amelala usingizi kabla ya Iga Barrière. Baada ya hapo anapunguza filta. Ananunua oili, filta anasema ataichukua safari ijayo. Halafu hata oili ananunua nusu. Namwuzia mimi, kwa hiyo najua. Macho na injini ndivyo vinavyokatwa ili tarehe moja mlipwe.

Niwaseme ninyi pia kwa haki. Biashara hii mnaiweza, na mnaiweza kwa sababu hamna gari moja. Mna manne, saba, kumi. Moja likilala Komanda wiki mbili, mengine yanaleta. Nyuma ya ua mna gari lililokufa zamani ambalo mnalichinja kidogo kidogo: starta inahamia kule, springi inakuja huku, kioo kinakwenda kwingine. Mazutu mnanunua kwa mapipa bei ikishuka. Na wengi wenu mlikuwa wafanyabiashara kabla ya kuwa wasafirishaji, kwa hiyo mzigo ni wenu: saruji, mabati na chumvi vinashuka kutoka Uganda, mbao, kahawa na kakao vinapanda. Gari la dereva mliyemuuzia likifika mpakani halina mzigo wa kwake. Linaegeshwa, dereva anatandika mkeka chini ya trela, anamsubiri komisioneri, dalali wa mizigo. Mzigo anaoupata ni ule mlioukataa ninyi, kwa bei mliyoikataa ninyi, na komisioneri anachukua chake humohumo. Mara nyingi kutoka Bunia aliondoka tupu, kwa kuwa mizigo inayoingia mkoani kwa lori ni mingi kuliko inayotoka. Mazutu ya kwenda tupu hakuna anayemrudishia.

Hizo siku za kusimama ndizo zinazoua, na hapa sisi tunasimama kuliko wengi. Kwa atakayesoma barua hii akiwa mbali: tuna barabara ya taifa RN27 inayotoka Komanda, inapita Bunia na kupanda mpaka Mahagi na mpaka wa Uganda, na tuna RN4 inayotoka Kisangani, inapita Mambasa na Komanda, na kuteremka Beni hadi Kasindi. Bunia na Komanda ni kilomita 75 hivi. Bunia na Mahagi ni karibu 180. Kwa ramani ungesema unakunywa chai hapa na kula chakula cha jioni kule. Tangu vita viliporudi Djugu mwishoni mwa 2017, RN27 inafunguka na kujifunga. RN4 upande wa Irumu nayo imekuwa ya misafara ya kusindikizwa. Hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi mkoani, ilitangazwa kuanzia tarehe 6 Mei 2021, na Septemba ya mwaka huohuo, karibu na Ofaye, kati ya Komanda na Luna, waasi waliushambulia msafara uliokuwa na askari ndani yake. Watu walikufa, magari yakachomwa.

Tarehe moja ya mwezi haijui msafara umeondoka au umezuiliwa. Nimewahi kumsikia bosi akimjibu dereva kwa simu, spika ikiwa wazi hapa kwangu: "Barabara ikifungwa, mimi ndiye niliyeifunga?" Sawa, hukuifunga wewe. Naye hakuifunga. Kwa nini basi ailipe peke yake?

Kuhusu bariyeri, vizuizi vya kutoza fedha njiani, sitasema mengi, kwa kuwa barua hii haikuandikwa kwa serikali. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS na wenzao walichora ramani ya bariyeri za Kivu mbili, Kaskazini na Kusini, wakakuta karibu 800. Ituri haikuwemo katika kazi ile, lakini kila dereva wa hapa anaweza kuwachorea ya kwetu kwa kalamu ya mtoto wa shule. FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, iliundwa na sheria ya 2008, na mchango wake tunautoa katika kila lita ya mafuta, kisha tunaukuta tena kwenye kituo cha kulipia barabara, kisha tunaingia shimoni. Hilo ni la siku nyingine. Linalowahusu ninyi ni hili: lori lenu lina jina lenu mlangoni, na mnayo namba ya simu ya mkubwa fulani. Siku mlipoliuza, habari ilifika bariyeri kabla ya gari. Rangi ileile, pleti ileile, mizigo ileile, lakini anayepita sasa ni shofere tu, na anatozwa kama shofere. Mlipompigia hesabu ya faida mlimpigia kwa bei ya kupita kwenu.

Nije kwenye swali lililonifanya nishike kalamu. Gari likichomwa kwenye awamu ya kumi na nane, limeungua gari la nani?

Kwa kadi, ni la bosi. Kwa deni, ni la dereva. Namfahamu mtu aliyeponea porini na nguo alizovaa, akarudi Bunia kwa miguu na kwa pikipiki za kuazima, akaenda kumpa bosi wake habari. Bosi alimpa pole, pole ya kweli, na wiki ya pili akampa usukani wa lori jingine la kampuni, bila mshahara, mpaka zile awamu sita zilizobaki ziishe. Nilipouliza, niliambiwa hiyo ni huruma, maana wengine wangempeleka polisi. Hapakuwa na karatasi yoyote. Kulikuwa na mashahidi wawili, mmoja ni shemeji wa bosi.

Na tafadhali msiniambie bima. Bima ya lazima inalipa madhara ambayo gari lako limemfanyia mwingine. Ilikuwa hivyo SONAS, shirika la bima la serikali, ilipokuwa peke yake, na imebaki hivyo baada ya sheria ya Machi 2015 kufungua milango na makampuni mengine kuingia. Lori lako mwenyewe likichomwa na watu wenye bunduki, karatasi ile ya kwenye kioo haina inachokupa. Kinga ya mali ipo ya kununua, ila vita huwekwa kando katika mikataba ya kawaida, na ya vita yenyewe hata ninyi wenye magari kumi hamuinunui. Mnachofanya ninyi ni kujikinga kwa wingi wa magari. Mwenye moja hana hata hilo.

Hoja yenu kubwa naijua, na haina ubaya: "Nikimpa kadi, atavuka mpaka wa Goli usiku, atauza gari Arua au Kampala, mimi nitamfuata na nini?" Hofu hiyo ni ya haki. Lakini nchi hii imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, tangu Septemba 2012, na sheria ya OHADA juu ya dhamana iliwafikiria watu kama ninyi. Inamruhusu muuzaji kubaki na umiliki wa kitu mpaka alipwe chote. Kumbe kubaki na kadi si kosa! Kosa ni kwamba mmechukua nusu ya sheria iliyowapendeza. Sheria hiyohiyo inataka sharti hilo liandikwe, na liwe limeandikwa kabla gari halijakabidhiwa au siku ileile ya kulikabidhi. Inataka liandikishwe katika rejista ya biashara, ile RCCM, ili mtu wa tatu asidai kwamba hakujua. Na inasema neno ambalo sijamsikia bosi hata mmoja akilitamka: ukilirudisha gari kwa sababu mnunuzi ameshindwa, thamani ya gari hilo inapunguzwa kwenye deni lililobaki, na ikizidi deni, kilichozidi unamrudishia.

Tuisome kwa namba zetu. Dereva amelipa awamu kumi na nane, dola 18,000. Amebakiza 6,000, ameshindwa. Mnalichukua gari. Fundi akisema lina thamani ya 13,000, deni limekwisha na mna 7,000 za watu. Fedha hizo ziko wapi? Nani kati yenu amewahi kuzirudisha? Ninyi mnachukua gari, mnapaka rangi mlango, na jioni moja mnamkalisha dereva mwingine na kumwagizia kinywaji.

Wenzetu wa Kenya nao hawakopeshani kwa macho. Mtu akinunua lori kwa mkopo wa benki, kwenye kadi yanaandikwa majina mawili, la benki na la kwake. Hawezi kuliuza bila benki kujua, na benki nayo haiwezi kujifanya kwamba mnunuzi hajawahi kuwepo. Tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na tukaimba. Malori yanayotufuata kutoka Mombasa ni ya watu waliokopeshwa namna hiyo, na sisi tunataka kushindana nao kwa ahadi ya mdomo na shahidi shemeji.

Ninachowaomba si kuacha kuwauzia madereva magari. Mkiacha, hawatayapata popote, kwa kuwa benki zetu zinataka nyumba yenye hati na dereva ana kiwanja chenye karatasi ya chifu. Wauzieni, ila muandike. Andikeni bei, tarehe, na hali ya gari ilivyoonekana na fundi ambaye si wenu, pamoja na matairi, moja moja. Andikeni kwamba mwezi ambao barabara imefungwa na wenye mamlaka haumo katika kulipa, unasogea mwishoni, bila riba na bila maneno. Andikeni fedha gani itapokelewa na kwa kiwango cha siku gani. Na andikeni habari ya moto. Mkataba ukinyamaza, hasara mnamwachia dereva, na ndiyo sababu baadhi yenu mnapenda ukimya huo. Mimi napendekeza deni lililobaki ligawanywe katikati: ninyi mlishauza gari lililochoka na mmeshapokea sehemu kubwa, naye amepoteza alicholipa na kazi yake. Anayeona nusu ni nyingi aseme ngapi, ila aseme kabla gari halijawaka.

Mtaniuliza mnapata nini. Mnapata gari likiwa bado gari. Haya mnayoyarudisha sasa yanarudi yakiwa mifupa: injini inakula oili, giaboksi inalia, springi zimefungwa kwa kamba ya mpira. Mtu anayejua kwamba akikwama mwezi mmoja anapoteza yote hatunzi kitu. Anakamua. Mtu anayejua kwamba alicholipa hakipotei, huyo ananunua filta.

Kwa madereva watakaosomewa barua hii, nina neno fupi. Kabla hujasema ndiyo, mwombe bosi daftari la mwaka mmoja la gari hilo: matairi mangapi, klachi ngapi, siku ngapi lilisimama. Akikwambia hana daftari, jua kwamba analo na hataki ulione, au kweli hana na hajui anakuuzia nini. Na mke wako awepo siku ya kusaini. Kiwanja chenu kikiwekwa rehani, anayeishi humo ni yeye, wewe unaishi barabarani.

ACCO ingeweza kuwa na nakala za mikataba hii ofisini kwake, na FEC ingeweza kuwaita mabosi na kusikiliza wanakubali nini. Sihitaji kamati wala semina yenye maji ya chupa.

Rasimu iko dukani kwangu. Ni kurasa mbili, upande mmoja Kiswahili na upande wa pili Kifaransa, mwanasheria kijana ameipitia na hakunitoza. Pale penye asilimia ya hasara ya moto nimeacha nafasi wazi. Njooni muisome, mpige mstari pale msipokubali na muandike pembeni mnachotaka. Fundi wa kukagua magari amekubali pia. Sharti lake ni moja, alipwe na pande zote mbili, nusu kwa nusu, na alipwe kabla ya kufungua boneti.

Wenu muuzaji na mdai,

Mama wa matairi na vipuri, Bunia